Sainasi zinazojirudia: kabla ya kuniambia “nipasue”

Mama mmoja alitoka Lamu alfajiri, akavuka kwa boti hadi Mokowe, akapanda basi la Malindi. Nilimwamkia, akaniitikia marahaba, na kabla hajaketi vizuri akamimina mezani maboksi matupu ya antibayotiki. Yalikuwa sita, ya mwaka mmoja. “Mwanangu daktari, dawa zote hizi nimezimeza na uso bado waniuma. Hata udi siusikii harufu. Nipasue, nipumue.”

Wengi hunijia hivyo, wameshachagua upasuaji kwa kuamini kwamba dawa zimeshindwa. Mara nyingi dawa inayohusika hata haijaanza kutumika.

Sainasi ni vyumba vya hewa ndani ya mifupa ya uso: mashavuni, juu ya nyusi, kati ya macho, na nyuma kabisa ya pua. Kila chumba hutoa kamasi kwa tundu jembamba, na cha shavuni tundu lake liko juu. Fikiria birika la maji la nyumba ya Kiswahili ambalo tundu lake limetobolewa karibu na ukingo: maji hayatoki mpaka yapandishwe. Kazi ya kupandisha kamasi hufanywa na vinyweleo vidogo mno, usiku na mchana. Utando wa pua ukivimba kwa mafua, vumbi au moshi, tundu huziba, kamasi hulala, na vijidudu hupata makao.

Antibayotiki huua bakteria, lakini haifungui tundu. Mafua mengi huletwa na virusi, na virusi haviguswi na antibayotiki. Mimi huifikiria pale dalili zinapopita siku 10 bila nafuu, au mtu anapopata nafuu kisha akazidiwa upya. Ndiyo maana huuliza: katikati ya ugonjwa mmoja na mwingine, wapona kabisa? Anayeugua mara 4 au zaidi kwa mwaka na kupona katikati, huyo maradhi yanamrudia. Aliyekaa wiki 12 bila kupona ana ugonjwa sugu wa sainasi, na hapo shida kubwa ni uvimbe wa utando. Mama huyu hakuwa amepona hata wiki moja, ila kila mara alitibiwa kama aliyeugua upya.

Nilimwanzishia kuosha pua kila siku: nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji. Maji ya kisima, hata yawe matamu vipi, lazima yachemke kisha yapoe, kwani maji mabichi puani yanaweza kubeba vimelea vya hatari. Baada ya kuosha hufuata dawa ya kupuliza ya steroidi, inayopunguza uvimbe. Inamisha kichwa kidogo, tumia mkono wa kulia kwa pua ya kushoto, elekeza dawa upande wa sikio badala ya ukuta wa katikati, vuta pumzi taratibu. Nafuu huja baada ya wiki kadhaa, na wengi huiacha siku ya tano. Matone ya kuzibua pua ni jambo jingine: yakitumika zaidi ya siku 3 hadi 5, pua huziba kuliko mwanzo. Chetezo nacho nilimwomba akitoe chumba cha kulala. Hapo tulivutana kidogo.

Baada ya miezi mitatu maumivu yalipungua, lakini harufu haikurudi. Skani ya CT ilionyesha vyumba vilivyojaa pande zote mbili, na kamera niliyoingiza puani ikaonyesha vinyama vya pua, yaani vivimbe laini vya utando. Sasa upasuaji ulikuwa na sababu.

Upasuaji huu hupitia puani, hauachi kovu usoni. Katika njia ya puto, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2005, puto dogo hupelekwa kwenye tundu, hujazwa maji, hulipanua, kisha hutolewa. Mfupa haukatwi, kwa wengine ganzi yatosha, na mtu hurudi kazini mapema. Naipenda kwa yule ambaye maradhi yanamrudia na tundu lake ni jembamba. Lakini puto haliondoi vinyama, wala halifikii vyumba vidogo vya kati ya macho. Kwa mama huyu ilibidi upasuaji wa endoskopi, yaani kwa kamera nyembamba, chini ya usingizi, wa kuondoa vinyama na kufungua njia. Nilimweleza wazi kwamba damu inaweza kutoka, na kwamba jicho na ubongo viko jirani. Kuviumiza ni nadra, ndiyo maana sishiki chombo bila skani.

Aliuliza kama sasa ataacha kuosha pua. La, mama. Kabla ya upasuaji maji ya chumvi hayakuwa yakiingia vyumbani. Sasa yanaingia, na dawa nayo inafika. Vinyama hupenda kumrudia anayeacha. Wiki chache baadaye alinipigia simu kuniambia amesikia harufu ya iliki kabla ya kufika jikoni.

Ikiwa shida ni ya upande mmoja tu, yenye usaha unaonuka, yakaguliwe kwanza meno ya juu: jino bovu linaweza kuitia usaha sainasi ya shavu, na hakuna puto litakaloliponya. Na jicho likivimba, ukaona vitu viwili viwili, au shingo ikakakamaa kwa homa na kichwa kuuma sana, nenda hospitali iliyo karibu usiku huo huo. Usingoje boti ya asubuhi.