Ugonjwa sugu wa figo: unavyopimwa, na kwa nini hauumi

Mtu akilalamika kwamba figo zinamsumbua, mara nyingi mkono wake uko kiunoni. Maumivu ya kiuno yanayozidi ukiinama au ukinyanyua ndoo kwa kawaida ni ya misuli na uti wa mgongo. Zipo nyakati ambapo figo huuma kweli: zikiingiwa na maambukizi, au jiwe likishuka kwenye mrija wa mkojo, na hapo mgonjwa hugaagaa. Lakini ugonjwa unaowafikisha watu wengi kwenye mashine ya kusafishia damu hauumi kabisa. Anayesubiri maumivu ndipo akapime atakuwa amechelewa kwa miaka.

Kitabibu, ugonjwa sugu wa figo ni kasoro ya figo, iwe ya umbo au ya utendaji, inayodumu zaidi ya miezi 3. Kigezo hicho cha muda kina kazi yake. Malaria kali, kuharisha hadi kukaukiwa maji, au kutokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua huweza kuzima figo ndani ya siku chache, na nyingi hurejea zikiwahiwa. Huko ni kushindwa kwa ghafla. Kwenye ugonjwa sugu sehemu za figo hugeuka makovu, na kovu halirudi kuwa nyama. Kwa hiyo majibu mabaya ya siku moja hayatoshi kumwambia mtu ana ugonjwa sugu. Hurudiwa baada ya miezi 3, isipokuwa kama kuna ushahidi mwingine, mfano ultrasaundi inayoonyesha figo zimesinyaa.

Ukimya wake unatokana na akiba kubwa tuliyozaliwa nayo. Kila figo ina vichujio vidogo karibu milioni 1. Kwa siku nzima figo zote mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, kisha huyarudisha karibu yote, zikibakiza lita 1 au 2 za kukojoa. Vichujio vikifa, vilivyosalia hubeba mzigo wa vilivyokufa. Mtu anaweza kupoteza zaidi ya nusu ya uwezo huo na bado akaenda shambani, akala na akalala vizuri. Dalili zinazojulikana na wengi, yaani miguu kuvimba, kichefuchefu, mwili kuwasha, kwikwi zisizokoma, kuishiwa pumzi na kuishiwa damu, nyingi huja mwishoni. Kuishiwa damu huwashangaza watu, lakini figo ndizo zinazotoa homoni ya kuuamuru uboho utengeneze chembe nyekundu.

Kinachobaki ni kupima, na vipimo vya msingi ni viwili tu: kimoja cha damu, kingine cha mkojo.

Cha damu ni kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli na kuondolewa na figo. Figo zikilegea, hupanda. Tatizo ni kwamba mwenye misuli mingi anayo nyingi hata akiwa mzima, na bibi mwembamba anayo kidogo hata figo zikiwa taabani. Chukua kreatinini ya 110, kwa kipimo cha mikromoli kwa lita. Kwa kijana wa kiume wa miaka 25, kanuni inayotumika sasa inatoa uwezo wa kuchuja wa karibu mililita 82 kwa dakika. Kwa mwanamke wa miaka 65 mwenye 110 hiyohiyo, uwezo ni kama 48. Wa kwanza huenda hana neno. Wa pili, hali ikidumu miezi 3, tayari ana ugonjwa sugu hatua ya 3 kati ya 5. Ndiyo maana ukipewa karatasi ya maabara usiishie kwenye kreatinini. Tafuta kiwango cha uchujaji, kinachoandikwa eGFR, na kama hakipo mwombe daktari akukokotolee. 90 na kuendelea ni kizuri. Chini ya 60 kwa miezi 3 ni ugonjwa. Chini ya 15 ni hatua ya 5, ambayo watu huiita figo kufeli.

Kipimo cha mkojo hutafuta protini iitwayo albumini, na kwa maoni yangu ndicho kinachodharauliwa zaidi. Albumini haitakiwi kupita kwenye vichujio. Ikionekana mkojoni, ni kama kifumbu kilichotoboka: machicha yameanza kushuka pamoja na tui. Uvujaji huu huweza kuonekana wakati eGFR bado ni 95, yaani damu inasema mzima na mkojo unasema mgonjwa. Mkojo wenye povu zito, linalobaki hata ukikojoa mara ya pili na ya tatu, ni sababu ya kwenda kupima. Povu la mara moja asubuhi linaweza kuwa la mkojo mzito tu.

Nani apime hata akijisikia mzima? Kwanza wenye kisukari na wenye presha, angalau mara moja kwa mwaka, maana magonjwa hayo mawili ndiyo yanayoongoza kuharibu figo. Presha ina ujanja wake: huharibu figo, na figo zilizoharibika nazo huipandisha, kwa hiyo mgonjwa huzunguka palepale hadi mmoja ashikwe. Kisha wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wenye selimundu, wanaume ambao tezi dume imewabana mkojo, waliopata kifafa cha mimba au presha ya ujauzito, na wenye ndugu aliyeugua figo. Kwa wakazi wa maeneo yenye kichocho, ile aina ya kukojoa damu, ikiachwa miaka, huweza kukaza mirija ya mkojo hadi mkojo ukarudi nyuma na kuzivimbisha figo.

Sasa turudi kwa yule aliyeshika kiuno, kwa sababu hapa ndipo madhara mengi hutengenezwa. Akiamini ni figo, huenda duka la dawa akapewa diklofenaki au ibuprofeni. Maumivu yanapoa, anarudia wiki ijayo, na ijayo. Dawa za kundi hili hubana mishipa inayoingiza damu kwenye figo. Kwa mtu mwenye afya anayezimeza siku mbili tatu si jambo kubwa. Kwa mzee mwenye presha anayetumia losartani pamoja na dawa ya kukojoza, figo zinabanwa pande tatu kwa wakati mmoja, na zinaweza kuzimika wiki hiyohiyo. Figo zilikuwa hazina kosa, zimeharibiwa na dawa iliyonunuliwa kuziponya. Panado ni salama zaidi kwa figo, ikimezwa kwa kipimo.

Mitishamba nayo isikingiwe kifua kwa kuwa ni ya asili. Birimbi, tunalolitia kwenye achari na mchuzi huku pwani, halina neno kwenye sahani. Lakini huko Kerala, India, madaktari wameripoti watu waliozimikiwa na figo baada ya kunywa juisi yake kwa wingi kama dawa, kwa sababu ya oksalati, kemikali iliyomo kwa wingi.

Aliyekwisha kugundulika ana mengi ya kufanya kabla ya mashine. Presha ishuke chini ya 130/80. Sukari idhibitiwe. Dawa kama enalaprili na losartani hushusha presha na pia hupunguza albumini inayovuja, na dawa mpya zaidi za kisukari, kama dapagliflozini, zimeonekana kulinda figo hata za asiye na kisukari. Kreatinini ikipanda kidogo mwanzoni mwa dawa hizi, usiziache kabla ya kuzungumza na daktari. Ila mjamzito hatumii enalaprili wala losartani, na ukiharisha au kutapika sana uliza haraka kama uzisimamishe kwa muda.

Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumuisha iliyomo kwenye mkate na viungo vya pakiti. Kuhusu maji, kunywa ndoo nzima hakuzuii ugonjwa sugu. Husaidia wenye mawe, ila mgonjwa aliyevimba huambiwa apunguze. Ndizi, parachichi na maji ya dafu hukatazwa yule tu ambaye potasiamu yake, madini yaliyomo kwenye damu, imepanda, kwa sababu ikizidi husimamisha moyo. Wengine huacha matunda yote kwa kuogopa, wakadhoofika bure.

Hatua ya 5 ikifika, kusafisha damu kwa mashine huwa mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Kabla ya hapo mshipa wa mkono huunganishwa na ateri, yaani mshipa unaotoa damu moyoni, ili upanuke. Ukiweka kidole juu yake unahisi mtetemo, na mgonjwa hufundishwa kuukagua kila siku, maana ukitoweka ni jambo la kukimbilia hospitali. Mkono huo haupimwi presha wala hautolewi damu ya maabara.

Njia nyingine ni kupandikiza. Nchini Tanzania ilianza Muhimbili mwaka 2017, ikafuata Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018, figo zikitolewa na ndugu. Aliyepokea hunywa dawa za kuzuia mwili usiikatae kwa muda wote figo hiyo inapofanya kazi. Aliyetoa huishi vizuri na figo moja, ila naye hupima presha, kreatinini na mkojo kila mwaka.