"Weusi" wa Afrika Kusini hawakuwa kundi moja tu

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kwamba Wahindi na machotara wa Afrika Kusini walianza kujiita weusi juzi tu, wakifuata fursa. Si kweli. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, wanafunzi waliopinga ubaguzi walilitumia neno hilo kwa wote waliokandamizwa kisheria. Walikataa kuitwa "wasio Wazungu", yaani kutambulishwa kwa kile wasichokuwa. Mkanganyiko unaeleweka: mwaka 1978 serikali ya makaburu nayo ililichukua neno "weusi" badala ya "Bantu", jina ililowapa Waafrika kisheria, ila kwa Waafrika pekee. Hakiki mwenyewe: fungua sheria ya usawa kazini ya 1998, kifungu cha 1, usome tafsiri ya "watu weusi". Makundi yote matatu yamo: Waafrika, machotara na Wahindi. Ukiletewa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze.