Kufunga GPS kwenye droni ndogo: dira ndiyo yenye kazi

Droni nyingi za kujiundia huruka bila kujua ziko wapi. Vihisi vyake vinazizuia zisipinduke, basi. Upepo ukivuma zinasukumwa nao, na asiyeshika rimoti sawasawa ataifuata yake mashamba ya watu. Moduli ya GPS inatibu hilo, na kuifunga si kazi ngumu. Pasua kichwa ni kuifunga mahali panapofaa.

Tuanze na waya. Moduli ya kawaida ina waya nne: mbili za umeme na mbili za data. Waya wa TX (wa kutuma data) wa moduli unaingia RX (ya kupokea) ya bodi ya kuongozea, na RX inaingia TX. Wengi huunganisha TX kwa TX, kisha wanalaumu moduli kuwa mbovu. Moduli yenye dira ndani huongeza waya mbili, SDA na SCL. Kama droni yako ina propela nne na unataka itulie angani, nunua yenye dira. GPS inajua droni iko wapi, ila droni ikiwa imesimama haiwezi kujua pua imeelekea upande gani.

Setilaiti za GPS ziko kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakifika ardhini ni hafifu mno. Kile kibao cha kauri juu ya moduli ndicho antena. Kitazame mbingu, mbali na kamera na kifaa cha kurusha video. Fanya jaribio hili: hesabu setilaiti kamera ikiwa imezimwa, kisha iwashe. Idadi ikiporomoka, sogeza moduli.

Dira nayo adui yake ni waya za betri, maana mkondo mkubwa wa umeme huzaa usumaku. Ndiyo sababu droni inaonyesha kaskazini vizuri ikiwa mezani, lakini ukiongeza mwendo wa mota dira inayumba. Ikiwa hewani, itaanza kuzunguka duara linalozidi kupanuka, maana inajisahihisha kwa kwenda upande usio wake. Inua moduli kwa mlingoti mfupi wa plastiki na usokote pamoja waya chanya na hasi za betri. Hakikisha pia mshale wa moduli unatazama mbele, au uieleze programu umeugeuza kiasi gani.

Programu nyingi za kuongozea droni, ArduPilot ikiwamo, huandika mahali pa kurudi pale mota zinapowashwa. Ukiwa na haraka ukawasha kabla GPS haijatulia, umeiharibia droni njia ya kurudi. Subiri angalau setilaiti 8. Moduli iliyokaa siku nyingi bila umeme inaweza kuchukua dakika kadhaa.

Kwetu huku karibu na ikweta kuna jambo ambalo miongozo mingi ya Ulaya hailigusi. Baada ya jua kuzama, hasa Machi na Aprili, na tena Septemba na Oktoba, ayonosfia, tabaka la juu la anga lenye chembe za umeme, huchafuka na mawimbi ya setilaiti hucheza. Jaribio la kwanza lifanye asubuhi.

Kibali kwanza, kutoka mamlaka ya usafiri wa anga: KCAA kwa Kenya, TCAA kwa Tanzania. Kisha tafuta uwanja mtupu, paa ukiiongoza mwenyewe kwa rimoti hadi mita 10 hivi, ndipo uwashe hali ya kutulia, yaani droni ijishikilie mahali pamoja kwa GPS, kidole kikiwa kwenye swichi. Ikianza kuzunguka, rudi kuiongoza mwenyewe mara moja, tua, ukaikague dira.