Je, wajua? Mbona shule ya praiveti inaweza kumfungulia mtoto mlango wa chuo kikubwa, na pia ikamfungia

Jirani yangu hapa Kiamunyi, Nakuru, alikuja kwangu Jumapili jioni na swali lililokuwa limemkosesha usingizi. Msichana wake yuko gredi ya 9, na yeye na mzee wake wanafikiria kuuza kipande cha shamba kule Njoro ndio wamlipie shule ya praiveti ya IGCSE, yaani mtihani wa sekondari wa mfumo wa Uingereza, manake kuna mtu amewaambia vyuo vikubwa vya Marekani vinapenda watoto wa shule hizo na wa gavamenti hawaangaliwi hata. Akaniuliza, "Dada, ni ukweli ama nataka kuuziwa mbuzi kwa gunia?" Alikuja kwangu juu anajua nilihangaika karibu mwaka mzima na kijana wa dadangu akituma maombi huko, na mambo niliyoyaona sijayasahau.

Nilimwambia yote inategemea mtoto analinganishwa na nani, na analinganishwa na mtu ama na kompyuta. Acha nieleze vizuri.

Tuanzie nyumbani. Ukimaliza fomu foo, KUCCPS, ile ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi vyuoni, haisomi barua ya mwalimu wako wala haiulizi ulicheza piano ama ulichota maji. Inachukua gredi zako, inapiga pointi za klasta, yaani za masomo yanayohitajika kwa kozi unayotaka, inakupanga kwa laini na wenzako nchi nzima, na kama umepata C+ kwenda juu uko ndani ya hesabu ya digrii. Ukitoka akademi yenye kidimbwi cha kuogelea ama dei skuli ya huko Nyando ambako mafuriko yakija masomo yanasimama, pointi ni pointi. Shule inakusaidia tu kama ilikusaidia kupata gredi, jina lake halina kazi hapo.

Ndio maana Kenya tuna hii tabia ambayo mgeni haielewi, kwamba primary mwenye uwezo anakimbilia akademi, lakini ikifika sekondari anageuka anapigania shule za gavamenti, Maranda, Maseno, Kapsabet, Alliance, yaani akademi ilikuwa ngazi ya kupandia kuingia shule ya umma. Na hiyo ngazi iliwahi kuwageuka watu. Mwanzo wa 2011, watoto wa KCPE (ule mtihani wa mwisho wa primary) ya 2010 walipokuwa wanachaguliwa kuingia fomu wan, serikali, waziri wa elimu wakati huo akiwa Sam Ongeri, ilisema nafasi za shule za kitaifa zigawanywe kulingana na idadi ya watahiniwa wa gavamenti na wa praiveti. Shule za kitaifa zilikuwa 18 pekee. Watoto wa akademi kwa idadi walikuwa wachache lakini kule juu kabisa walikuwa wamejaa, kwa hivyo wengi wenye maksi za kutisha walikosa na mwenye maksi chini yao kutoka shule ya umma akaingia. Kelele ilikuwa kubwa, wenye shule za praiveti wakaenda kortini. Wazazi waliokuwa wamelipa miaka minane wakisema wamenunua nafasi wakagundua foleni imegawanywa mara mbili na wao wako kwa ile iliyojaa.

Mimi sikuona ile kama uonevu tu, na bado sioni hivyo, manake mtoto aliyepata 390 akisoma chini ya mti na mwalimu mmoja wa madarasa mawili amefanya kazi kubwa kuliko wa 410 aliyekuwa na tuisheni kila Jumamosi. Lakini pia huwezi kumwambia mtoto wa miaka 14 kwamba kosa lake ni mahali mzazi alimpeleka. Pande zote mbili ziliniuma.

Sasa cha kushangaza, Marekani wana kitu kinachofanana na hicho. Jimbo la Texas lilipitisha sheria 1997 kwamba mwanafunzi aliye kwenye asilimia 10 ya juu ya shule yake anapata nafasi moja kwa moja vyuo vya umma vya jimbo hilo, shule iwe ya matajiri ama ya kijijini. (Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kilikuja kuruhusiwa kukaza zaidi, manake kilikuwa kinajaa.) Fikiria hapo: ukiwa namba 15 kati ya wanafunzi 100 wakali kupindukia, hiyo njia haikuhusu, na ungekuwa shule ya kawaida ungekuwa namba 3. Watafiti walifuatilia wakakuta kuna familia zilizoanza kuchagua shule yenye ushindani mdogo makusudi ndio mtoto aonekane juu. Hiyo ndio shule nzuri ikikuumiza waziwazi.

Lakini jirani yangu alikuwa anaulizia vile vikubwa kabisa, Harvard, Yale, Princeton na wenzao, na huko hakuna foleni ya pointi. Huko kuna mtu amekaa na faili lako. Anasoma gredi, anasoma insha, anasoma barua za walimu, anaangalia ulifanya nini nje ya darasa, na kuna karatasi moja ambayo wazazi wengi wa huku hatujawahi kuisikia, ukurasa wa kuelezea shule yenyewe: ina wanafunzi wangapi, inafundisha masomo gani, mtihani wa mwisho wanapata nini, gredi zao maana yake ni nini. Msomaji anatumia huo ukurasa kujua kama uliyoyafanya ni makubwa ama madogo kwa mahali ulipotoka.

Hapo ndio praiveti inaingia na nguvu zake. Mwaka 2023 wachumi Raj Chetty, David Deming na John Friedman walitoa utafiti kuhusu vyuo 12 vya juu kabisa vya Marekani, wakakuta watoto wa familia za asilimia 1 tajiri zaidi wana uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko watoto wa kipato cha kati wenye maksi zile zile za SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani. Mambo matatu yalibeba uzito upande wa kuchaguliwa: watoto wa watu waliosoma hapo wanapendelewa, wanamichezo wanasajiliwa, halafu kuna alama zinazotolewa kwa mambo yasiyo ya darasani kama uongozi, vilabu na barua za kumsifu. Hizo alama za tatu ndizo wanafunzi wa shule za praiveti zisizo za dini walikuwa wanazipata juu. Lakini kwa vyuo vikubwa vya umma vya majimbo hawakuona upendeleo huo wa matajiri. Kwa hivyo ni mfumo wa kusoma faili ndio unaompa mwenye nacho mkono, na mkono wenyewe mara nyingi ni mtu mwenye muda wa kuandika. Chama cha makaunsela wa shule wa Marekani kinapendekeza kaunsela mmoja kwa wanafunzi 250, na wastani wao umekuwa unazidi 350. Shule ya praiveti ya bei kali inaweza kuwa na kaunsela ambaye kazi yake yote ni maombi ya vyuo.

Hilo la muda wa kuandika mimi nililiona kwa macho. Kijana wa dadangu alisoma shule kubwa ya bodingi ya gavamenti huko Western, akapata A-, akaja kukaa na mimi hapa Nakuru atume maombi. Alifungua bahasha ya kaki akatoa report fomu zake zote tangu fomu wan, zimekunjika kona, stempu ya bluu ya shule imefifia, na kila moja imeandikwa nafasi yake: 64 kati ya 412, muhula mwingine 71. Mimi nilijivunia. Halafu nikajiweka kwa kiti cha mtu wa Marekani ambaye hajui hiyo shule, nikaona anachoona ni kijana ambaye wenzake 63 wamempita. Hakuna mahali pameandikwa kwamba wale 412 wote walichujwa na KCPE kutoka kaunti kibao na karibu kila mmoja alikuwa namba moja kwao.

Barua ya shule ilikuja kwa simu, picha ya karatasi, mistari minne. Kwamba ni mtoto mwenye nidhamu, hajawahi kuwa na kesi, na tunamtakia mema. Mwalimu aliyeiandika hana ubaya wowote, anafundisha kemia madarasa manne, ndiye mwalimu wa keria, na ndiye anasimamia bweni, na barua ya kupeleka nje ya nchi alikuwa hajawahi kuandika hata moja. Nikampigia, nikamwambia, "Mwalimu, samahani kukusumbua, naomba tu uniambie huyu kijana unamkumbukia nini." Akacheka, akasema huyu ndiye alikuwa anabaki lab Jumamosi akiosha test tube na kuwapangia fomu tuu practical wakati shule haikuwa na mtu wa maabara muhula mzima, na kuna siku aligundua asidi imechanganywa vibaya kabla darasa halijaingia. Nikanyamaza kidogo. Nikamwomba, mwalimu, andika hiyo tu. Barua ya pili ilikuwa kurasa moja na nusu, na ukurasa wa kueleza shule tukautengeneza pamoja, yeye ananisomea namba kwa simu mimi napiga chapa, naibu akapiga stempu wakaiscan saiba karibu na stendi. Vyuo vitatu vilimkataa, kimoja kikamweka kwa listi ya kungoja, kimoja kidogo kikamchukua na karibu karo yote imelipwa. Sina njia ya kupima barua ilifanya kazi kiasi gani. Najua tu ile ya kwanza ilikuwa haimwelezi.

Sasa upande wa pesa, na hapa nataka mzazi asome pole pole. Vyuo vingi vya Marekani vikiona mwanafunzi wa kutoka nje anaomba kusaidiwa karo, hilo ombi linaingia kwa uamuzi wa kumchukua. Vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, havitazami uwezo wa kulipa wakati wa kuchagua hata kwa mgeni. Kwa vingine vyote, mtoto ambaye wazazi wanalipa kila kitu yuko mbele, na mara nyingi huyo ndiye yuko shule ya praiveti, kwa hivyo watu wanaona shule na hawaoni akaunti ya benki iliyo nyuma yake. Ukiuza shamba ulipe sekondari halafu ufike chuo ukiomba msaada, umetumia silaha yako vita havijaanza.

Na praiveti ina mtego wake. Wanafunzi wanane wa darasa moja wakiomba chuo kimoja wanasomwa karibu karibu, na msomaji anatarajia mengi kwao, manake walikuwa na maabara, na vitabu, na mwalimu wa SAT. A ya mahali penye kila kitu haisomwi kama A ya mahali pa kugawana kitabu watu watano, ila tu kama kuna mtu amemwambia msomaji hali ilikuwa hivyo. Uingereza nako wanafunzi wa praiveti ni kama asilimia 7 ya watoto wote na bado wanachukua karibu 30 kati ya kila nafasi 100 za Waingereza pale Oxford na Cambridge, lakini huko kuna jambo la vitendo zaidi kwetu: KCSE, mtihani wetu wa fomu foo, pekee kwa kawaida haikufikishi digrii moja kwa moja, wanataka A-level, ile mitihani inayofuata IGCSE, ama mwaka wa faundesheni wa kujiandaa kabla ya digrii, kwa hivyo anayelenga Uingereza ana sababu ya kweli ya kufikiria IGCSE na A-level. Anayelenga Marekani hana haja hiyo, KCSE wanaipokea. Tofauti ni kalenda tu, matokeo ya KCSE hutoka Januari na dedlaini nyingi huwa mwanzoni mwa Januari, kwa hivyo wengi wa KCSE wanangoja mwaka mmoja waombe mzunguko unaofuata.

Ukitaka ushahidi kwamba wa gavamenti anaangaliwa, nenda hapo Iten. Tangu 2004 kuna mradi unaitwa KenSAP, ulianzishwa na Mike Boit, yule mwanariadha wa shaba ya mita 800 Olimpiki ya Munich 1972, pamoja na mwandishi John Manners. Wanachukua vijana waliofanya vizuri KCSE, wengi familia za kawaida kabisa za Rift Valley, wanawafundisha SAT, wanawasaidia insha na makaratasi, na zaidi ya mia wameingia vyuo vya Marekani, wakiwemo Harvard na Yale. Wale vijana walikuwa na maksi tayari, kilichokosekana ni ile kazi ya kaunsela.

Kuhusu shule yenyewe kumwongezea mtoto akili, Adrienne Lucas na Isaac Mbiti walichapisha 2014 utafiti wa hapa Kenya wakilinganisha watoto waliopita kidogo mstari wa kuingia shule za kitaifa na waliokosa kidogo, na kwenye KCSE tofauti waliyoikuta ilikuwa ndogo sana. Mtoto aliyebeba maksi nyingi alikuwa ataenda nazo popote.

Jirani yangu nilimpa maswali ya kwenda kuuliza shule zote anazozifikiria, za bei na za gavamenti: nani anaandika barua za wanafunzi, ameandika ngapi miaka miwili iliyopita, ukurasa wa kueleza shule uko, na kati ya waliochukuliwa nje ni wangapi walilipiwa na chuo na wangapi walilipiwa na baba yao. Alizizungukia wiki nzima. Moja ilimwonyesha basi na bwawa. Nyingine, ya gavamenti, mwalimu alitoa daftari la kaunta buku lenye majina ya waliotuma maombi, nani alipata nini, na pembeni namba ya simu ya kila mmoja. Hajaamua bado, anangoja matokeo ya gredi ya 9, na shamba limepandwa mahindi.