Je, wajua Euler alithibitishaje kuwa 2,147,483,647 ni namba tasa?

Namba tasa haigawanyiki bila baki isipokuwa kwa 1 na kwa yenyewe, kama 7, 11 au 29. Kuitambua 29 ni kufumba na kufumbua. Lakini 2,147,483,647 je? Ni 2 kwa kipeo cha 31, ukatoa 1. Waandishi wa programu wanaijua sana, maana ndiyo namba nzima kubwa kuliko zote inayoenea kwenye biti 32 (nafasi za 0 au 1) pale biti moja inapotengwa kwa alama ya chanya au hasi. Utasa wake, hata hivyo, ulithibitishwa mwaka 1772 na Leonhard Euler, Mswisi aliyeishi St. Petersburg, Urusi, akiwa karibu kipofu.

Njia ya kawaida ni kuigawanya kwa kila namba tasa hadi kwenye kipeuo chake cha pili, yaani hadi 46,340. Hizo ni zaidi ya 4,700. Euler alianza na swali jingine, na kwangu hapa ndipo penye utamu wote: kama kigawo kipo, kina sura gani?

Mchukue mdogo wake, 2 kwa kipeo cha 11 ukatoa 1, yaani 2,047. Hii si tasa, ni 23 × 89. Gawanya 23 kwa 11, inabaki 1. Gawanya 89 kwa 11, inabaki 1 tena. Si bahati. Orodhesha vipeo vya 2 (2, 4, 8, 16...) na ugawanye kila kimoja kwa 23: mabaki huzunguka na kurudi kwenye 1 kila baada ya hatua 11. Mfaransa Pierre de Fermat alikwisha kuona kwamba, kwa namba tasa yoyote isipokuwa 2 yenyewe, urefu wa mzunguko huo hugawanya namba hiyo ikipunguzwa 1. Na kweli, 11 inaingia kwenye 22.

Kwa namba yetu, ukigawanya vipeo vya 2 kwa kigawo chake chochote tasa, mzunguko ni wa hatua 31. Kwa hiyo kigawo chake tasa lazima kizidi kigawe cha 31 kwa 1, na kwa kuwa ni witiri, kizidi kigawe cha 62 kwa 1. Kuna chujio la pili: kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Yaunganishe machujio hayo mawili, na hadi 46,340 zinabaki namba zisizofika 400, nyingi zikiwa si tasa. Ya kwanza ya kujaribu ni 311, inayofuata 1,303. Hakuna hata moja iliyoigawanya.

Mwezi Oktoba 2024 mradi wa GIMPS, wa watu wa kujitolea wanaosaka namba tasa kwa kompyuta zao, ulitangaza namba tasa ya aina hiyohiyo, 2 kwa kipeo cha 136,279,841 ukatoa 1, yenye tarakimu 41,024,320. Kabla ya kuitwisha kompyuta jaribio zito, mradi huo hutafuta kwanza vigawo vidogo vya kila namba, ukitumia machujio hayohayo mawili.