Mfuatano mvivu na funksheni inayojiita: dhana potofu na ukweli

Wanaojifunza kuandika programu hapa Mtwara hupenda kufanyia mazoezi daftari la mizani ya korosho, na huko ndiko dhana hizi hujitokeza. Mfuatano mvivu ni orodha ambayo vitu vyake hukokotolewa kadiri vinavyohitajika, si vyote mara moja; funksheni inayojiita ni kipande cha programu kinachorudia kazi kwa kujiita chenyewe tena.

Dhana: Mfuatano mvivu haufanyi kazi ambayo haujaombwa.
Kwa Haskell, lugha iliyotoka mwaka 1990 uvivu ukiwa ndiyo desturi yake, kauli hiyo inakaribia ukweli. Kwa lugha ya Clojure sivyo. Chukua vekta (orodha yenye mpangilio) ya magunia 100, ipitishe kwenye `map`, inayotumia funksheni kwa kila kitu, ikiwa na funksheni inayochapisha uzito, kisha omba gunia la kwanza tu: skrini itaonyesha mistari 32, kwa kuwa vitu vya vekta hutolewa kwa mafungu ya 32, mithili ya mchukuzi aliyetumwa gunia moja akashusha fungu zima. Kuchapisha hakuna hasara, lakini funksheni hiyo ingekuwa inatuma ujumbe wa malipo, wakulima 31 wangearifiwa kabla ya zamu yao.

Dhana: Funksheni inayojiita lazima ijaze steki.
Steki ni sehemu ya kumbukumbu inayoshika miito ya funksheni ambayo haijakamilika; kujaa kwake hutegemea lugha na mahali funksheni inapojiita. Ukijumlisha uzito wa gunia hili na jumla ya yaliyosalia, kila hatua hubaki ikisubiri inayofuata; Python, kwa mpangilio wake wa kawaida, hukwama ikikaribia miito 1000, hivyo daftari la mistari 1,200 linaishinda. Jumla ikibebwa ndani ya mwito, na mwito ukawa kitendo cha mwisho, kanuni za lugha ya Scheme zinaikataza steki kukua. Clojure inakutaka uandike `recur`, neno lake la kujiita bila kukuza steki, waziwazi, kwa sababu mashine ya Java inayoiendesha haiondoi miito ya mwisho.

Dhana: Uvivu huokoa kumbukumbu daima.
Hapana. Ukiendelea kuushika mwanzo wa mfuatano kwa jina, kila kilichokwisha kukokotolewa hubaki. Kibaya zaidi, kurundika `concat` (inayounganisha mifuatano) maelfu, moja juu ya nyingine, hujaza steki pale unapoomba kitu cha kwanza, mbali na mstari uliosababisha kosa.

Dhana: Ni lazima kuchagua kimoja, mfuatano mvivu au funksheni inayojiita.
Mifuatano mingi mivivu ya Clojure huandikwa kwa funksheni inayojiita ndani ya `lazy-seq`, inayoahirisha kazi hadi iombwe. Kwa jumla moja ya uzito, binafsi situmii chochote kati ya hivyo viwili, `reduce`, inayokusanya orodha nzima kuwa jibu moja, yatosha. Funksheni inayojiita naiachia data yenye matawi: mkoa, wilaya, kata na kijiji ni ngazi nne tu, na hakuna steki inayojaa kwa ngazi nne.