Kutulia sio kupona: AF ya kuja na kuondoka, na hao wanaopigia hesabu soko lake

Mara ya tatu mwezi huu. Saa tano usiku mgonjwa ananiandikia, "Dokta moyo umetulia tangu Jumanne, vile vidonge vya damu nimeviweka pembeni kwanza, ukianza tena nitaendelea." Nikaweka simu chini nikavuta pumzi. Asubuhi, kama vile wamepanga, jamaa yangu anayefuatilia hisa ananitumia uchambuzi wa soko la matibabu ya AF (atrial fibrillation, moyo kupiga ovyo), na ndani kuna hoja ile ile ya mgonjwa wangu ila hii imevaa suti: eti ablesheni mpya (kutia kovu sehemu ya moyo inayoanzisha AF) zikienea watu watapona, kwa hiyo dawa za kuzuia damu kuganda zitakosa wanywaji.

Haya, ngoja niseme.

AF ya vipindi maana yake moyo unaingia kwenye mapigo ovyo halafu unatoka, wenyewe au kwa kusaidiwa, ndani ya siku 7. Basi, hiyo tu. Siku 7 ni mstari tuliouchora sisi ili tupange makundi, moyo haujui kalenda, na popote hapo hapajaandikwa kwamba ugonjwa ni mdogo.

Kiharusi kinatokeaje mnajua: atria ya kushoto, yaani chumba cha juu cha moyo, ina kifuko kidogo pembeni, atria ikitetemeka badala ya kukaza damu inatuama mle, bonge la damu linatengenezwa, likichomoka linapanda kichwani. Mpaka hapo kila mtu yuko sawa. Shida ni hatua inayofuata, mtu anasema kumbe hatari ipo moyo ukitetemeka tu, ukitulia niko salama. Hapa ndo naposhikwa na hasira, kwa sababu inaonekana ina akili kabisa na bado sio kweli. Kwanza atria ikirudi kwenye mdundo wa kawaida haiamki hapo hapo, inaweza kuzubaa siku kadhaa hata wiki, ndo maana tukimshtua mtu kwa umeme tunamweka kwenye dawa za kuzuia kuganda angalau wiki 4 baada ya hapo, yaani ECG (kipimo cha umeme wa moyo) imenyooka, wote tunacheka, na hizo wiki ndo tunaziogopa. Pili, kuna watu wenye pesimeka, kifaa cha kusaidia mapigo ambacho pia kinayaandika mchana na usiku. Kwenye utafiti wa ASSERT watu 51 walipata kiharusi au bonge lililoziba mshipa sehemu nyingine. Kati yao 26 ndo walionekana na AF wakati wowote ule, na wanne tu walikuwa nayo ndani ya siku 30 kabla ya tukio. Wanne! Sasa wewe unayesubiri "ukianza tena" unasubiri kengele ambayo mara nyingi hailii.

Kipindi ni kile unachokisikia. Ukuta wa atria uliotanuka na kujaa makovu hausikiki, na wenyewe hauendi likizo. Kwa hiyo hatuandiki dawa kwa kuhesabu vipindi, tunamwangalia mtu: umri, presha, sukari, moyo kushindwa, kiharusi cha zamani. Ndo alama za CHA2DS2-VASc, hesabu ya hatari ya kiharusi. Na tafadhali usije ukaniambia umebadilisha ukaweka aspirini kwa sababu ni "nyepesi": kwenye utafiti wa AVERROES apixaban, mojawapo ya dawa za kuzuia kuganda, ilipunguza kiharusi kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na aspirini, na kuvuja damu kukubwa kulikaribiana.

Sasa niseme na upande wangu dhaifu. AF fupi fupi iliyookotwa na pesimeka bila mtu kusikia chochote, hapo sina ujasiri huu. Mwaka 2023 zilitoka tafiti mbili, NOAH-AFNET 6 ikasema edoxaban, ndugu wa apixaban, haikuleta faida ya wazi na damu zilivuja zaidi, ARTESiA ikasema apixaban ilipunguza kiharusi kwa asilimia 37 na damu pia zilivuja zaidi. Mtu mwenye dakika 20 mara moja kwa mwaka naweza nikamshauri hivi asubuhi, jioni akija mwingine anayefanana naye nikashauri vingine. Huwa namuuliza anaogopa nini zaidi, kiharusi au kuvuja damu, jibu lake linanisaidia kuliko alama.

Turudi kwenye suti. Tangu Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux waonyeshe mwaka 1998 kwamba cheche nyingi za AF ya vipindi zinatoka kwenye mishipa ya mapafu, kazi yetu imekuwa kuizungushia hiyo mishipa kovu ili cheche isipite. Tulichoma kwa joto, tukagandisha kwa baridi, sasa hivi ni pigo fupi fupi za umeme, kifaa cha Medtronic kikapata kibali Marekani Desemba 2023, cha Boston Scientific Januari 2024. Ni nzuri, sibishi, ni ya haraka na umio (njia ya chakula) unaepuka hatari ya kuungua. Ila kwenye utafiti wa ADVENT, baada ya mwaka, waliofanikiwa ni asilimia 73.3 za umeme dhidi ya 71.3 za joto na baridi. Soma tena hizo namba. Kilichobadilika sana ni muda wa kazi na usalama wa umio, hapo ndo pesa ilipo, ukimaliza mapema unapandisha mgonjwa mwingine mezani na kila mgonjwa ni katheta mpya. Hiyo ni biashara halali. Kuiita kupona ndo sikubali. Na hata usalama usiuimbe sana, Januari 2025 Johnson & Johnson walisimamisha kwa muda Varipulse yao Marekani kuchunguza viharusi.

Kuhusu vidonge, jamaa yangu anachanganya mauzo na wanywaji. Eliquis, jina la biashara la apixaban, iliiingizia Bristol Myers Squibb peke yake zaidi ya dola bilioni 12 mwaka 2023. Pesa hiyo itashuka, ndio, Medicare, bima ya serikali ya Marekani kwa wazee, wameshajadili bei mpya kuanzia 2026, na Aprili 2028 apixaban za kampuni nyingine zinaruhusiwa kuingia soko la Marekani. Bei ndo inaanguka. Midomo inayomeza kidonge itaongezeka, watu wanazeeka na saa za mkononi zinaokota AF kila siku. Waliotabiri mrithi nao waliumia, utafiti wa asundexian ya Bayer, dawa mpya ya kuzuia kuganda, kwa watu wa AF ulisimamishwa Novemba 2023 baada ya kushindwa na hiyo hiyo apixaban.

Kitu kimoja kinampa jamaa pointi na inaniuma kukiri. ALONE-AF ya Korea Kusini, 2025: watu waliofanyiwa ablesheni wakakaa angalau mwaka mzima bila AF kuonekana, walioacha dawa walifanya vizuri kuliko walioendelea, hasa kwa kutovuja damu. Labda miaka mitano ijayo nitaandika tofauti. Lakini huo ni mwaka mzima, baada ya ablesheni, na vipimo juu. Sio tangu Jumanne.

Mgonjwa wangu nilimjibu ameze cha usiku ule, kesho aje na maboksi yote. Akaja nayo. Moja flekainidi, ya kurudisha mdundo, ambayo kweli nilimwambia akae nayo mfukoni ameze ikianza, la pili, zuri kabisa, la apixaban, limejaa. Juu ya apixaban ameandika kwa peni, mwandiko wake msafi: "IKIANZA TU." Flekainidi ndo alikuwa anameza asubuhi na jioni.